Twiga wa Bibi Wande

Kisichoguswa hufutika. Mmeisikia na mmeuliza imetoka wapi, basi tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Ndani ya hifadhi, mwendo wa siku mbili kutoka barabarani, kulikuwa na mwamba wenye michoro ya wawindaji wa kale. Kila ukoo ulikuwa na mnyama wake. Kila mwaka, kabla ya mvua za kwanza, wenyewe walikoroga udongo mwekundu kwa mafuta, wakapitisha vidole juu ya mistari ya babu zao.

Hifadhi ilipotangazwa, watu walihamishwa. Wazee wakafa, vijana wakatawanyika. Alibaki Bibi Wande peke yake, kibandani nje ya mpaka. Twiga wa baba yake alibaki ndani, amezungushiwa waya na kibao: USIGUSE.

Kila mwaka alikwenda na kibuyu chake cha rangi. Kila mwaka Ngasa, askari wa hifadhi, alimzuia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kibao tu.

"Bibi, twiga wako tunamtunza."

"Kama mnavyonitunza mimi. Hata wa kumsalimu hana."

Alikaa kando ya waya mpaka jua likapoa, kisha akarudi. Nyumbani hapakuwa na wa kumuuliza alikotoka.

Mwaka wa kumi na mbili alifika akipapasa kwa fimbo. Macho yalikuwa yamekwisha.

"Ngasa, mwanangu, shingo bado ipo?"

Ngasa aliutazama mwamba aliokuwa akiulinda kila siku. "Imekwenda, bibi. Naona miguu, nayo ni miwili. Lakini hakuna aliyemgusa, naapa."

"Ndiyo hivyo, baba. Kisichoguswa hufutika."

Ngasa akafungua waya. Bibi alichovya kidole, lakini hakuona pa kuanzia.

"Lete mkono wako."

Akaushika mkono wa askari, akauchovya kibuyuni. "Anzia gotini. Shibiri tatu juu, ndipo tumbo. Usilegeze, huyu si mbuzi."

Walipanda hivyo mpaka shingoni, mpaka masikioni. Kazi ikaisha. Bibi hakuuachia mkono ule, na Ngasa hakuuvuta.

Ndiyo maana anayesema atakwenda kumwona bibi yake likizo ijayo, na ijayo, huambiwa: kisichoguswa hufutika.