Bei ya Moshi na Bei ya Siri

Paukwa!
Pakawa!
Ukuta?
Wa jirani!
Kitanda?
Cha kamba!
Anayekijua?
Alalaye juu yake!

Haya, sogeeni. Na wewe unayejikuna huko nyuma, sogea pia, maana hadithi hii ni yako.

Hapo kale, kabla hamjazaliwa ninyi na kabla sijang'oka jino hili, palikuwa na mtaa ulioitwa Ukutammoja. Nyumba zake saba zilishikana ubavu kwa ubavu, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Waliojenga walisema wanaokoa udongo. Kweli waliokoa udongo. Waliyoyapoteza mtayasikia.

Nyumba ya katikati ilikuwa ya Bi. Mwatima, mjane mwenye binti mmoja aliyeitwa Mboni. Mwatima alikuwa mtu wa ufagio. Asubuhi anafagia, adhuhuri anafagia, jioni anafagia. Na pamoja na kufagia kote huko, nyumbani mwake waliingia kunguni.

Mnacheka? Kunguni haogopi ufagio. Kunguni anatafuta damu, na damu ya msafi na ya mchafu kwake ni chakula kimoja.

Lakini watu wa Ukutammoja hawakuliona hivyo. Kwao, bora uitwe mwizi. Mwizi husema shetani kampitia, yakaisha. Mwenye kunguni aliitwa mchafu yeye, mama yake na bibi yake aliyekwisha kufa. Na dawa ya kwanza ya kunguni, hata ninyi mnaijua: toa kitanda nje, kianike juani, mwagia maji ya moto kwenye maungio. Sasa ukitoa kitanda nje, si mtaa mzima umeona? Basi hakuna aliyetoa. Watu walijikuna ndani, wakitoka nje mikono imetulia kama ya watu wanaosali.

Mwatima alikuwa na lake zaidi. Mboni alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kwamtili, na mama wa kijana, Bi. Saumu, alikuwa ametuma salamu. Baada ya mavuno angekuja na wenzake wawili, walale siku mbili, waione nyumba, ndipo atoe neno la mwisho. Katika salamu zote zile Mwatima alisikia neno moja tu: walale. Mkwe akiumwa, harusi hakuna. Na msichana aliyekataliwa kwa ajili ya kunguni ataolewa na nani? Hilo lilimnyima Mwatima usingizi kuliko hao kunguni wenyewe.

Akamwendea Fundi Ngoda.

Fundi Ngoda alikuwa mfukizaji, akiishi ng'ambo ya mto, mbali na macho ya watu. Alikuwa na chetezo kikubwa, makaa, na majani yake makali ambayo ukiyavuta unalia hata kama huna msiba. Mwatima akamwuliza bei.

"Moshi ni kuku wawili," Fundi akasema. "Siri ni mbuzi."

Mwatima akashangaa kidogo. Fundi akamweleza kwa utaratibu, bila kupandisha sauti. Kuku wawili ni kazi: majani, makaa na mgongo wake. Mbuzi ni kupitia uani siku ya gulio wote wakiwa sokoni, na mdomo kufungwa. Anayetaka kazi tu, atalipa kuku tu, na fundi atapita mlango wa mbele na chetezo chake kichwani.

Mngelipa nini ninyi? Semeni kweli. Mwatima alilipa kuku na mbuzi.

Siku ya gulio Mwatima akasema anaumwa kichwa, akabaki nyumbani. Fundi akaja kwa uani, akafukiza. Ili kuficha harufu ya moshi, Mwatima akakaanga ng'onda, samaki wale wakavu wenye harufu ya kuamsha wafu. Majirani wakarudi wakasema, Mwatima leo anakula ng'onda. Siku tisa nyumba ilitulia. Siku ya kumi, kunguni hao, na wamenenepa.

Akaenda mara ya pili. Kuku wawili kwa moshi. Kwa siri, gunia la mpunga. Fundi alisema siri ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, kwa kuwa imeshapata ndugu. Mwatima akalipa, akaumwa kichwa, akakaanga ng'onda. Siku tisa kimya. Siku ya kumi wakarudi na wajukuu.

Ikabaki siku moja Bi. Saumu afike. Mara ya tatu Mwatima hakuwa na mbuzi wala mpunga. Alikuwa na sinia la shaba la bibi yake, alilomwekea Mboni kwa siku ya harusi. Akalifunga ndani ya kanga, akashika kuku wake wawili, akavuka mto. Alilia njiani, nawaambieni kama lilivyokuwa. Aliona anauza harusi ili kuiponya harusi.

Siku zote Fundi alikuwa akimpokea barazani. Siku hiyo Fundi hakuwepo barazani, Mwatima akazunguka uani. Na uani akamkuta mbuzi mwenye sikio lililokatika.

Mwatima alimfahamu mbuzi yule. Alikuwa wa jirani yake wa kushoto, Mzee Mshangama, ambaye mwezi mzima alikuwa akiusimulia mtaa jinsi fisi alivyomla, mpaka akaonyesha alama za meno mlangoni. Pembeni pake kulikuwa na kinu cha mpingo cha jirani wa kulia, Bi. Kidawa, kile alichosema amemwazima dada yake. Kulikuwa na jembe la nyumba ya kwanza, na mkeka wa nyumba ya saba. Mtaa wote ulikuwa umehamia pale. Ndipo Mwatima akakumbuka ni ng'onda kiasi gani walikaangwa Ukutammoja mwaka ule.

Fundi akatokea na kuni begani.

"Ulipofukiza kwangu," Mwatima akamwuliza, "wale kunguni walikwenda wapi?"

"Walipita kwenye nyufa, wakaenda kwa jirani."

"Na ulipofukiza kwa jirani?"

"Jirani naye ana jirani," Fundi akasema. "Wewe si unakaa katikati?"

"Mbona hukuniambia?"

Fundi akatua kuni zake. "Ningekuambiaje, na wenzako wamenilipa nitunze siri zao? Za kwako nimezitunza vilevile. Moshi wangu ni mzuri. Nyumba saba zikifukizwa siku moja, hakuna kunguni wa kukimbilia popote. Kazi hiyo ni kuku kumi na wanne, mwaka mzima mnalala. Lakini hakuna aliyewahi kuja kuniuliza bei hiyo. Siri sikuileta mimi sokoni, Bi. Mwatima. Mlikuja nayo wenyewe, mkaniuliza kuitunza ni kiasi gani."

Mwatima hakumtukana. Angemtukana kwa lipi? Akampa kuku wawili, akamwambia aje kesho asubuhi, apite mlango wa mbele. Sinia akarudi nalo.

Asubuhi yake, jua lilipopanda, Mwatima akakishika kitanda cha mgeni kwa miguu na kukiburuta hadi njiani. Mboni akamshika mkono.

"Mama, watu wataona. Na wageni wanakuja leo. Unanivunjia posa yangu."

"Mwanangu, aibu hii nimeificha kwa mbuzi, nimeificha kwa mpunga," Mwatima akasema. "Imebaki kuificha kwa sinia lako, na siku ya kumi warudi. Wakikuacha kwa hili, waniache mimi niliyesema kweli."

Mboni akaingia ndani akilia. Mlango wa kwanza ukafungwa, wa pili ukafungwa, wa tatu ukabaki wazi kidogo, jicho la Mzee Mshangama likionekana. Mwatima akamwaga maji ya moto kwenye maungio ya kitanda, na kunguni wakaanguka kama mbegu za ufuta. Kisha akaenda kwenye ule mlango na kusema kwa upole, asisikie mwingine:

"Mzee wangu, shikamoo. Mbuzi wako nimemwona. Hajambo kabisa, na fisi hakumgusa."

Mzee Mshangama akakohoa. Akaingia ndani. Kisha kukasikika mkwaruzo wa kitanda sakafuni, na miguu ya kitanda ikatangulia kutoka mlangoni. Bi. Kidawa, alipoona vitanda viwili, akatoa chake bila kuulizwa, akasema tu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Jua lilipofika utosini vitanda vilikuwa vimejaa njia nzima, na watu wanajikuna hadharani, tena kwa raha, kama watu waliovua viatu vya kubana. Fundi Ngoda alikuwa ameshaanza nyumba ya kwanza, mlango wa mbele, na kila nyumba imetoa kuku wake wawili. Hakuna aliyekaanga ng'onda.

Na hapo hapo, kabla ya saa waliyotazamiwa, wageni wakafika.

Bi. Saumu alisimama mwanzo wa njia na wenzake wawili, mabuibui yao yameshika vumbi la safari. Kushoto vitanda, kulia vitanda, katikati madimbwi ya maji ya moto. Watu wakaganda. Mboni akachungulia dirishani, uso umemvimba kwa kulia. Mwatima akaweka chini sufuria, akajifuta mikono, akawakaribisha kwa jina la mji wao.

Bi. Saumu akapita polepole. Akainama kwenye kitanda kimoja, akatazama maungio. Akainama kwenye cha pili. Kwenye cha tatu, kile cha mgeni, alichotandikiwa yeye, akasimama.

"Hapa kwenu mnalipa kiasi gani?" akauliza.

"Leo ni kuku wawili kwa nyumba," Mwatima akajibu. "Kabla ya leo nimelipa mbuzi na gunia la mpunga, na nusura nitoe sinia la mwanangu."

Bi. Saumu akashusha mzigo wake. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda kile kile, kilivyo na maji yake, akapumua kama mtu aliyebeba mtungi tangu Kwamtili.

"Mimi kwetu nimetoa ndama kwa siri hiyo hiyo," akasema. "Na njia nzima nilikuwa namwomba Mungu msije mkasema mtalala kwetu."

Wenzake wawili wakatazamana. Mmoja akaingiza mkono ndani ya buibui, akajikuna begani mchana kweupe, bila haya, huku amefumba macho.

Mwatima akamwita Mboni aje awape wageni maji ya kunywa. Na Fundi Ngoda, kwenye mlango wa nyumba ya pili, akaulizwa na Bi. Saumu kama moshi wake unafika Kwamtili, na akifika atapita mlango gani.

Hadithi yangu imechoka, inataka pa kulala. Aliyeipenda aipe mkeka, asiyeipenda ampelekee jirani. Mimi nimemaliza, jikuneni.