Shanga za Kiunoni

Nyie wa huko nyuma, acheni kusukumana, mnisikilize!

Alikuwapo mama mmoja, Mize, aliyefiwa na mwanawe mchanga. Siku moja akipalilia mtama aliokota mtoto wa sungura. Akamlea kwa maziwa ya mbuzi, na kiunoni akamvisha shanga za marehemu mwanawe, kama tunavyowavisha watoto wetu.

Sungura akakua. Mize akampeleka msituni. Miti ikabanana, njia ikafungika. Wakarudi nyumbani. Siku ya pili, vivyo hivyo. Siku ya tatu Mize akalia, "Ewe msitu, mbona unamkataa mwenyeji wako?"

Msitu ukajibu, "Simkatai, mama. Ila mwenye shanga ni mtoto wa mtu, na mimi sichukui watoto wa watu."

Mize akazishika zile shanga. Hakuwa na kumbukumbu nyingine ya mwanawe. Kisha akainama, akaukata uzi kwa meno.

Shanga zikamwagika, miti ikaachana. Sungura akaruka, akapotelea majanini. Hata nyuma hakugeuka.

"Hakuogopa," Mize akasema. "Basi nimemlea vizuri."

Nami nilipita pale baadaye, nikaokota ushanga mmoja. Huu hapa, ushikeni.