Godoro la Mgeni

Mama mmoja alikuwa na shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, na aliipenda kuliko mkufu wake wa dhahabu. Jina lake Bi Salha. Mji mzima ulilala juu ya kazi ya mikono yake. Alipoposwa Mgeni, binti wa marehemu mdogo wake, aliyemlea mwenyewe tangu akinyonya, nani mwingine angeshona godoro la harusi? Sufi ikajazwa, godoro likalazwa ukumbini, na wanawake wa mtaani wakaja na nyimbo zao, kwa maana kwao godoro la bi harusi halishonwi kimya kimya.

Sasa, jamani, nyimbo zina makofi. Na mwenye shazia mkononi atapigaje makofi? Bi Salha alikuwa na dawa yake. Wimbo ukikolea anaichomeka shazia godoroni, anapiga makofi, anazungusha kiuno kidogo, kisha anarudi kuichukua. Wenzake walipomwonya alicheka: "Nimeshona tangu usichana wangu, haijanichoma hata siku moja." Na alisema kweli, yeye haikumchoma. Aliyekuwa na vidole vyenye makovu ni Tatu, mwanamke aliyezoa vipande vya nyuzi na mabaki ya sufi kila kazi ilipokwisha. Lakini nani alimuuliza Tatu?

Siku ile wimbo ulinoga kupita kiasi. Vigelegele vikapanda, Bi Salha akachomeka shazia yake na kutoka akicheza mpaka uani. Huku nyuma wenzake wakaligongagonga godoro ili sufi ikae sawa. Aliporudi, mtu akampa shazia nyingine, naye kwa furaha ile akaipokea bila kuangalia, akafunga mshono wa mwisho. Mshono ulinyooka, ukapendeza. Vijana wa upande wa bwana harusi walikuwa wameshafika mlangoni kulibeba, ndipo Bi Salha alipojishika kifuani akauliza, "Na shazia yangu iko wapi?"

Wakatazama chini ya mkeka, wakakung'uta khanga. Haipo. "Itakuwa imeanguka huko uani," mmoja akasema. "Aa, haina neno," akadakia mwingine, "watu wanangoja." Bi Salha alitamani sana kuamini. Kufumua kazi yake mbele ya wakwe! Aibu hiyo angeiweka wapi? Lakini kila aliyenyoosha mkono kulibonyeza godoro aliurudisha haraka.

Bi harusi wa kwao hasemi siku hiyo. Anakaa nyuma ya pazia, ameinamisha kichwa, anasubiri. Lakini sauti ya Mgeni ikatoka nyuma ya pazia, taratibu kabisa:

"Mama mkubwa, anayesema haina neno, apande ajigaragaze yeye kwanza."

Hakupanda mtu. Bi Salha akaliangalia lile godoro zuri, akamfikiria mtoto wake amelala juu yake na ile ncha ikimngoja mgongoni. Akachukua mkasi, akafumua mshono wote. Lo! Sufi iliruka kila mahali. Watu wakapiga chafya, vijana mlangoni wakageuka wazee wa ndevu nyeupe kwa mara moja, na nyanya yake bwana harusi, aliyefuatana nao, akacheka mpaka akakaa chini. Shazia waliitafuta kwa mwiko wa pilau, kwa sababu hakuna aliyekubali kutia mkono. Wakaikuta katikati, imesimama, ncha juu. Godoro lilichelewa kufika, wakwe wakanung'unika kidogo, na Mgeni akalala salama.

Baada ya harusi Bi Salha alitafuta kibuyu chenye mdomo mwembamba. Kwanza alikitundika jikoni, lakini nani ataacha wimbo aende jikoni? Akakihamishia pembeni ya goti lake. Tangu hapo shazia ikitoka mkononi inaingia kibuyuni, ndipo makofi yanapigwa, na nyimbo hazikupungua utamu hata kidogo. Vidole vya Tatu vikapona, naye akaanza kuja kucheza.

Ndugu zangu wauguzi na madaktari mlioketi hapa, mnatabasamu, nawaona. Najua godoro la wodini nalo ni laini, linashika sindano vizuri. Najua mgonjwa wa kitanda cha pili akiita, kile kisanduku cha kutupia sindano kilichowekwa kule mlangoni huonekana kiko mbali kama mji mwingine. Basi nijibuni hili tu, kabla hatujatawanyika: ile sindano uliyoichomeka kitandani leo asubuhi, ukasema ni mara moja tu, ungekubali mwanao ndiye aje kutandua shuka lile?