Nyaya Nne za Fundi Cherehani

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakuwa wakimsifu mvivu. Walimsifu anayetazama aendako kabla ya kuinua mguu. Fundi cherehani wetu aliijua methali hii tangu utotoni, ila aliijua mdomoni tu.

Asubuhi moja mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha nyuma cha gari, mkoba mapajani, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Daktari mgeni wa kupasua macho angemaliza kazi hospitalini adhuhuri, asirudi hadi mwakani. Bibi huyo alikuwa na mjukuu mchanga, na hakuwa amewahi kuuona uso wake.

Gari likakataa kuwaka.

"Nyaya za plagi, zile za kupeleka moto kwenye injini, zimechoka," fundi alisema akifungua boneti. "Mpya ninazo."

"Tuite teksi kwanza," mkewe akamwambia.

"Teksi ya nini? Hii ni kazi ya kufumba na kufumbua!"

Kazi hiyo hufanywa hivi: unachomoa waya mmoja, unaweka mpya mahali pake, ndipo unagusa wa pili. Yeye alizing'oa zote nne kwa mkupuo, kama anayepalilia magugu. Aliposhika zile mpya, akaduwaa. Upi unakwenda wapi?

Akachomeka kwa kubahatisha, akapiga stata. Injini ikatoa mlio kama wa bunduki, moshi ukafuka kwenye boneti. Akabadilisha, ikakohoa. Akabadilisha tena, ikanyamaza kabisa. Jua lilizidi kupanda.

"Baba, hiyo teksi..." mkewe akaanza.

"Nimesema bado kidogo!" akafoka. Hakuwa na hasira naye. Aliogopa, maana alijua ameharibu.

"Mwanangu," mama akauliza kwa upole, "kitambaa cha mtu hukikati bila kutia chaki. Hizo nyaya ulizitia alama?"

Fundi akajipapasa. Chaki ilikuwa mfukoni mwake.

Kabla hajajibu, simu ya mkewe ikalia. Akasikiliza, akashusha mkono. "Ni muuguzi. Daktari ameshaondoka."

Fundi akaketi chini kando ya gurudumu, machozi yakimlengalenga. Baada ya kitambo akainuka, akachukua kitambaa na kufuta grisi kwenye injini. Namba zikajitokeza, zikionyesha kila waya na mahali pake. Zilikuwa pale siku zote. Akazichomoa nyaya, akazitia alama kwa chaki, akachomeka waya mmoja, akauhakiki, ndipo akashika wa pili. Alipozungusha ufunguo, gari likanguruma mara moja.

Mkewe alikuwa amemleta mtoto. Bibi akampakata, akaupapasa uso wake kwa vidole, paji, pua, kidevu.

"Limewaka, mwanangu," akasema. "Sasa tunakwenda wapi?"

Fundi akalizima gari. Hakika, mwenda pole hajikwai.