Mgomba wa Bi Nungunungu

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa kilima cha migomba.
— Kikawaje?
— Kikawa na majina mengi kuliko shibe.

Huko kila bibi harusi alikuja na chipukizi la mgomba kutoka kwao, likapewa jina la mama yake. Bwana Ngiri, mwenye meno yake na tumbo lake, akaamuru: kila aina ya ndizi, mkungu mmoja wangu. Akapita, gu! gu! gu!

"Huu mgomba gani?"
"Mwanasiti."
"Aina mpya! Lete mkungu. Na huu?"
"Mwanahawa."
"Aina nyingine! Lete mkungu."

Watoto wakalala njaa.

Kindi, mdogo wa mwili, mwingi wa maneno, akamwendea. "Shikamoo, Bwana mkubwa. Majina hudanganya. Tupime vinasaba, ule ukoo uliojificha ndani ya jani."
Ngiri akameza mate. "Pima! Huenda aina zikazidi."

Kindi akachuma jani la kila mgomba. Akatwanga, twa! twa! twa! Akachuja, chu! chu! chu! Akamimina kwenye kibao cha utelezi, alama zikajipanga mistari mistari. Mwanasiti, mistari ileile. Mwanahawa, mistari ileile. Kumbe akina mama waligawiana mgomba mmoja tangu zamani! Wa bibi kizee Nungunungu tu ndio ulikuwa na mistari yake.

"Aina mbili, mikungu miwili," Kindi akasema. "Ya nini? Tukiung'oa huu wa bibi, tutatoa mmoja tu."
Bi Nungunungu akamshika mkia. "Niachie, mjukuu wangu. Huo ndio mama yangu."
"Bibi, ndizi zenyewe hazilainiki hata zikipikwa kutwa!"
Akaung'oa, ng'wa! Akautupa mtoni.

Ngiri akaoneshwa mistari, yote sawa. Akapokea mkungu mmoja, akaondoka akikoroma. Kilima kizima kikacheza ngoma.

Hapa ndipo hadithi hii inaponiuma. Mnyauko ukaingia. Mwanasiti akageuka njano, akaanguka, pu! Mwanahawa, pu! Ukoo ulikuwa mmoja, na ugonjwa uliomweza mmoja uliwaweza wote. Kindi akakimbilia shimo la ule mgomba wa Bi Nungunungu, akachimba kwa kucha, akitafuta hata kipande cha shina. Hakupata kitu.

"Nisamehe, bibi."
"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Sasa watoto watakula nini?"

Hadithi imeishia hapo. Mwenye ndizi na amenye, sisi tumebaki na mistari. Na funzo lake, wanangu: mkiona kimoja hakifanani na wenzake, king'oeni upesi, msije mkatoa mkungu wa bure.