Mlango wa Faki Mhunzi

Sogeeni, na mwoga azibe masikio! Faki mhunzi alifua mlango wa chuma ili zimwi lisiingie kwake.

Magharibi mkewe, Mize, akamwambia, "Funga kwa Bismillahi, mume wangu."

"Nafunga kwa mikono yangu!"

Jioni ya pili akamwambia tena, akazomewa; siku zote mbili Mize akaitamka Bismillahi mwenyewe. Ya tatu akamsihi huku analia, akatupwa nje.

Faki akashusha komeo ambalo ni yeye tu aliyeweza kuliinua, akacheka. Nyuma yake kitu nacho kikacheka. Mlango ukifungwa bila jina la Mungu, zimwi huingia pamoja na mwenye nyumba.

Faki akalirukia komeo. Zimwi likaanza na ile mikono.

"Mize, nifungulie!"

Mize akasukuma, majirani wakasukuma. Mlango ulikuwa imara kama alivyojisifu. Wakamsikiliza mpaka akanyamaza.

Haya, kafungeni milango yenu.