Kibali Kimoja cha Itumbila

Sogeeni, lakini acheni nafasi ya mkono mmoja kati ya mtu na mtu, maana hadithi hii ni ya mwaka wa nafasi hizo na barakoa.

Katika shule ya bweni ya wasichana ya Itumbila, juu milimani kwenye baridi, walikuwapo watu watatu wenye vipaji vitatu. Tumpe, mpishi, alikuwa na jicho: alimjua kila msichana kwa jinsi anavyobakiza chakula. Subilaga, kiranja wa bweni, alikuwa na kumbukumbu: jambo likiingia kichwani mwake, halitoki. Mzee Ambakisye, mlinzi wa geti, alikuwa na ulimi: angeweza kumchekesha mtu aliyekuja kumpiga.

Na alikuwapo Matroni Sekela, ambaye siku ile hakuwa na kitu ila kalamu na karatasi. Alitembea ofisini kwake, dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Nje bwana afya alikuwa ndani ya gari akimsubiri atakayekwenda, injini inanguruma. Karatasi ile ilikuwa kibali cha kwenda nyumbani siku tatu, kwa mtu mmoja tu, kwa sababu atakayerudi lazima atengwe siku kumi na nne, na chumba cha kumtenga mtu kilichobaki kilikuwa kimoja. Geti lilikuwa limefungwa siku sitini na mbili. Kibali kingine hakuna mpaka likizo.

Kila mtu alisema, "Apewe aliyeiokoa shule." Basi sikieni shule ilivyookoka.

Siku moja maharage yaliungua. Bwalo zima likalipuka: "Dada Tumpe, leo umetupikia mkaa!" Ni msichana mmoja tu, Gwantwa, aliyekula akamaliza, akarudi na sahani.

"Naomba nyongeza, dada. Mbona leo matamu tu?"

Wenzake walicheka. Tumpe hakucheka. Aliweka upawa chini, akakata kitunguu, akamwekea puani. "Kinanukaje?"

"Hakinuki."

Tumpe akaenda mbio kwa matroni, aproni ingali kiunoni. "Yule mtoto hana pua! Ni ule ugonjwa." Kipimo kikasema ni kweli. Bila Tumpe, nani angejua?

Sasa ikabidi watafutwe waliokuwa karibu na Gwantwa. Matroni akafungua daftari lake la vitanda, kila kitanda jina moja, na daftari lote lilikuwa uongo. Baridi ya Itumbila huwalaza wasichana wawili wawili chini ya mablanketi mawili, na sheria inakataza, kwa hiyo hakuna asemaye. Matroni aliuliza. Ndipo Subilaga akasimama.

"Jumatatu Gwantwa alilala na Enesi. Enesi Jumanne akahamia kwa Lusubilo. Na Jumanne hiyo hiyo Gwantwa alilala na mimi."

"Mbea!" mtu akazomea kutoka nyuma.

Hakunyamaza. Alitaja usiku baada ya usiku, majina kumi na saba, lake likiwa mojawapo. Kati ya hao, wanne walikutwa na ugonjwa. Bila Subilaga, nani angejua wa kutengwa?

Asubuhi iliyofuata hofu ikapanda. Wasichana sitini walifika getini na matranka kichwani, wanalia, wanasukumana. Mzee Ambakisye hakunyanyua rungu. Aliburuta kiti chake, akakaa katikati ya njia.

"Haya, wanangu, piteni. Ila kila anayepita aniambie kwanza: unakwenda kumkoholea nani?"

"Babu, tuache bwana!"

"Nawaacha. Wewe wa mbele, tranka jekundu. Unakwenda kumkoholea nani?"

Msichana akafungua mdomo. "Bibi..." akasema, kisha akakaa juu ya tranka lake akalia. Nyuma yake mmoja akakaa, na mwingine. Hadi jua la saa sita wote walikuwa wamerudi mabwenini. Bila Ambakisye, vijiji vingapi vingeugua?

Sasa wote watatu walikuwa mbele ya meza ya matroni, barakoa usoni.

"Bila mimi msingejua kama ugonjwa upo," alisema Tumpe.

"Mngejua upo, msingejua uko kwa nani," alisema Subilaga.

"Mngejua yote hayo," alisema mzee, "na shule ingekuwa tupu kama debe."

Wakacheka kidogo, kisha hakuna aliyecheka. Mtoto wa Tumpe ameanza kutembea, na sasa anamwita bibi yake mama. Akisikia sauti ya Tumpe kwenye simu, anakimbia. Bibi aliyemlea Subilaga amezikwa bila yeye, na arobaini ni kesho kutwa. Baba yake Ambakisye hainuki tena kitandani, na kila asubuhi anauliza, "Amefika?" Mmoja anakwenda kwa anayekua, mmoja kwa aliyekufa, mmoja kwa anayekufa.

Matroni alikaa, akasimama, akakaa. Kuna jambo ambalo watatu hawa hawakulijua. Karatasi ya mwisho aliyoitia sahihi ilikuwa ya kumpeleka Gwantwa mjini kung'olewa jino. Ugonjwa uliingia Itumbila kwa karatasi kama hii, kwa mkono huu huu, kwa huruma hii hii. Kuichana hii nako kulikuwa njia.

Honi ikalia. "Matroni, mimi naondoka!"

Akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari. Wino ukaanza kufanya doa pale jina linapotakiwa.

Hapo namwacha, na kalamu nawapa ninyi mliokaa mkono mmoja mmoja. Gari linanguruma. Mtaandika jina la nani? Au mtaichana? Na mkishaamua, mtawatazamaje waliobaki?